Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa brashi na kompyuta hapa Tandale

Wanachama wenzangu habari zenu, na wakubwa wote shikamooni. Mwaka umeisha, inabidi niseme tumefanya nini.

Darasa letu la Jumamosi la kufundisha watoto kuchora na kompyuta limeendelea, tulisimama tu zile wiki za masika Mto Ng'ombe ulipofurika maji yakaingia majumbani, huwezi kumwambia mzazi mlete mtoto wakati magodoro yake yako nje yanaanikwa. Nilichokiona mimi ni kwamba watoto wengi kinachowaleta kwanza ni uji, wengine wanafika hawajatia kitu mdomoni. Ada shule za serikali ilifutwa 2016 mpaka kidato cha nne, jambo kubwa sana lile, lakini sare na daftari na chakula bado viko kwa mzazi, na mzazi mwenyewe anauza vitumbua au anabeba mizigo sokoni. Kwahiyo kinamama mliopika uji asanteni sana, bila nyie hakuna darasa.

Tunaanza na rangi ndo kompyuta inafuata, na naomba utaratibu huu tusiuguse. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapahapa Dar miaka ya 1960 alitumia hadibodi na rangi za baiskeli, vitu vya bei nafuu, leo michoro ya mtindo wake wageni wanainunua mpaka wanaondoka nayo kwao. Watoto wetu wanachora kwenye maboksi, mchoro ukikauka tunaupiga picha na simu tunauingiza kwenye Scratch, ile programu ya bure ya watoto kutengeneza katuni na michezo kwenye kompyuta, iliyotengenezwa chuo cha MIT Marekani, ukishaipakua haihitaji bando na ina Kiswahili.

Kuna binti wa darasa la tano alichora kambale mwenye madoa, madoa kayapiga kwa kifuniko cha kalamu, akataka aogelee mtoni akikwepa chupa na mifuko. Kambale akawa anaenda kulia tu harudi. Kwenye Scratch katikati ya skrini ni sifuri, kulia namba zinapanda, kushoto zinakuwa hasi, basi akahangaika nazo hadi kambale akageuka, na zile namba hasi zilizokuwa zinamtesa shuleni sasaivi anawafundisha wenzie. Nilifurahi jamani, mpaka leo nikikumbuka nafurahi.

Kinachoniuma ni wasichana, wakifika umri wa kukaribia darasa la saba wanaanza kupotea, Jumamosi ndo siku ya kufua na kulea wadogo zao. Nimepita nyumba kwa nyumba kuongea na wazazi, waliokubali ni wale tuliowaambia aje na mdogo wake huyohuyo, akae pembeni achore. Naona tufanye hivo kwa wote.

Kompyuta za msaada tuwe makini, tuliletewa mzigo mwingi ni mibovu, na kuitupa ni gharama yetu. Mwakani tukipewa tukague kabla ya kupokea.

Hela mweka hazina atasoma mwenyewe, mimi naomba tu wenye ada za nyuma wamalizie maana LUKU ya umeme haikopeshi. Na anayejua kuchora, kushona au kurekebisha kompyuta amuone katibu leo kabla hatujatawanyika, zamu za Januari bado hazina watu.