Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Reli za Mikoani Zisiachwe kwenye Dizeli

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kuhusu njia za reli za mikoani, zile zinazochepuka kutoka njia kuu na kuishia katika miji midogo, ambazo abiria wake bado wanasafirishwa kwa treni za dizeli. Ombi langu ni kwamba njia hizi zisinyimwe umeme eti kwa kuwa fedha hazitoshi kutandaza waya wa umeme juu ya reli kutoka mwanzo hadi mwisho wa kila moja.

Faida ya umeme huonekana zaidi pale treni inaposimama mara kwa mara, kwa sababu treni ya umeme huondoka stesheni kwa nguvu, hurudisha sehemu ya nishati inapofunga breki, na haibebi injini nzito wala tangi la mafuta. Hata hivyo, gharama kubwa mara nyingi haiko kwenye waya wenyewe, bali katika kuinua madaraja yanayopita juu ya reli, kupanua mahandaki na kujenga vituo vya kupoza umeme. Uingereza ililiona hilo kwa uchungu: makadirio ya gharama ya kuweka umeme kwenye reli kati ya Maidenhead, magharibi mwa London, na Cardiff, Wales, yalipanda kwa pauni bilioni 1.2 kati ya mwaka 2014 na 2015, yakafikia bilioni 2.8, na mwaka 2017 serikali ikafuta mpango wa kuufikisha umeme hadi Swansea, mji ulio mbele ya Cardiff.

Funzo lililopatikana huko huko ni la thamani. Katika reli za mabonde ya Wales Kusini, waya umewekwa panapowezekana kwa urahisi, na treni zenye betri zinavuka zenyewe sehemu zisizo na umeme. Katika jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, treni za betri zilianza kuchukua nafasi ya zile za dizeli mwezi Oktoba 2023. Zinajichaji chini ya waya wa njia kuu na kwenye vipande vifupi vya waya vilivyojengwa katika baadhi ya stesheni.

Kuhusu treni zinazoendeshwa kwa gesi ya haidrojeni, naomba tahadhari kubwa. Kuitengeneza kwa umeme, kuigandamiza na kuigeuza tena kuwa umeme ndani ya treni hupoteza zaidi ya nusu ya nishati ya awali. Jimbo la Niedersachsen, Ujerumani, lililokuwa la mbele kuendesha treni hizo, lilitangaza mwaka 2023 kwamba litanunua za betri badala yake. Jambo hilo linatosha kumfanya mnunuzi yeyote asite.

Tena, Mheshimiwa, treni mpya pekee haitoshi. Kwenye reli ya njia moja, treni iendayo kasi bado italazimika kumsubiri mwenzake kama hakuna mahali pa kupishana, au kama mfumo wa ishara ni wa zamani.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wowote wa kununua treni, ninaomba wizara yako itangaze hadharani, kwa kila njia, idadi ya treni kwa siku, mwinuko, umbali hadi kwenye waya ulio karibu na umri wa treni zilizopo. Penye msongamano mkubwa na mizigo mizito, waya utandazwe wote. Penye treni chache, betri zitumike, na kazi ianzie kwenye njia ambazo treni zake zimebakiza miaka michache ya kutumika.

Wako mwaminifu,
Abiria wa reli za mikoani