Barua kwa Mwanangu Aliyeko Seattle: Kuhusu Mgahawa wa Kithai Karibu na Chuo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi sote hatujambo, goti la baba yako limepungua maumivu, na mvua za vuli zimeanza vizuri. Barua yako nimeisoma pamoja na ujumbe uliofuata, ambamo umeniuliza kama ni israfu kwa mwanafunzi anayesomeshwa kwa fedha za kuungaunga kwenda kula katika mgahawa wa Kithai ulio hatua chache kutoka chuoni, ilhali chumbani kwake ana mchele na jiko. Umeuliza kwa haya, kana kwamba umetenda dhambi. Kwa kuwa tangu nilipostaafu kufundisha historia kazi yangu imekuwa kuwapikia wanafunzi, nimeona nisikujibu kwa simu ya harakaharaka, bali nikae nikuandikie.

Nenda ukale, mwanangu. Hilo ndilo jibu langu, na yafuatayo ni maelezo yake.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyokutia hofu. Umesema sahani ni dola 14. Juu yake huongezwa kodi ya mauzo, ambayo Seattle ni zaidi kidogo ya asilimia 10, kisha bakshishi. Ukitoa asilimia 15, unatoka umeacha kama dola 17 na nusu. Kwa fedha zetu hizo ni zaidi ya shilingi 40,000, na ninajua kwamba kila unapopeleka kijiko kinywani unaikumbuka bei ya wali maharage hapa kwangu. Acha kujitesa hivyo. Umo katika mji ambao mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 20.76 kwa saa moja, na yule anayekuuzia sahani ya dola 14 anatoa humohumo pango, gesi, mishahara, mafuta, mchele na kamba. Mimi ninayeuza chakula najua kinachobaki mfukoni baada ya hayo yote. Chakula cha karibu na chuo hakiwi rahisi kwa sababu ni duni. Kinakuwa rahisi kwa sababu wateja ni wengi na hawakai sana, chumba ni kidogo, vyakula vingi katika orodha vinatokana na malighafi zilezile chache, na mara nyingi familia nzima inashinda humo tangu asubuhi. Kwa hiyo usimwone mwenye mgahawa kuwa anakunyonya, wala usijione kuwa unatapanya. Mara moja kwa wiki inatosha na inawezekana, na fedha hiyo nimekwisha kuihesabu katika ile ninayokutumia.

Ile video uliyonitumia nimeitazama kwa jicho la mpishi. Nilimwona yule mama anayepika katika mgahawa huo akisubiri karai hadi mafuta yakaanza kutoa moshi, akatia kitunguu saumu na tofu, ile jibini ya maharage ya soya, akavisogeza pembeni, akapasua mayai kwa mkono mmoja, na kabla hayajaiva sawasawa akayafunika kwa tambi za mchele zilizokuwa zimelowekwa. Kisha akachota upawa wa mchuzi wa kahawia kutoka kwenye sufuria iliyokuwa kando, na tambi zilizokuwa nyeupe zikabadilika rangi, zikaanza kuyanywa maji yale na kulainika. Kamba, machipukizi ya choroko na majani ya kitunguu aliviweka mwisho kabisa, akageuza kidogo, akapakua, akanyunyizia karanga zilizopondwa. Hakuonja wala hakupima kitu. Mkono wa namna ile haupatikani kwa mwaka mmoja, na ninaomba ukikaa pale kwenye kaunta umtazame kwa heshima, usiinamie simu.

Mchuzi ule wa kahawia ndio unaobeba pad thai nzima, maana ndilo jina la tambi zile za kukaanga. Ndani yake mna ukwaju uliokamuliwa, sukari guru ya utomvu wa mnazi au wa mimea mingine ya jamii yake, na maji ya chumvi yanayochujwa kutokana na dagaa waliovundikwa kwa miezi mingi. Uliniandikia kwamba ulipoonja mara ya kwanza ulihisi kama unakijua chakula ambacho hujawahi kukila, na sishangai. Mkwaju asili yake ni bara letu hili, ukafika Asia zamani sana. Pilipili si ya kwao na wala si yetu. Ilitoka Amerika ikasambazwa na Wareno, walewale walioivamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na ambao mwaka 1511, baada ya kuiteka bandari ya Malaka, walituma mjumbe Ayutthaya, uliokuwa mji mkuu wa Siam, yaani Thailand ya leo. Tui la nazi hatuna haja ya kuelezana. Mchaichai unaopandwa nyuma ya nyumba yetu kwa ajili ya chai, wao huuponda pamoja na pilipili mbichi na mzizi mmoja wa jamii ya tangawizi wakatengeneza mchuzi wa kijani, na nimekwisha kuamua kuujaribu hapa kwangu.

Baba yako aliposikia habari hizi alisema umeanza kuacha vyakula vya kwetu. Mwambie aagize massaman siku atakapokutembelea. Ni mchuzi wa tui wenye viazi, karanga, mdalasini, iliki, karafuu na bizari nyembamba, na inaelezwa kwamba chimbuko lake ni Waislamu waliofika Siam kwa biashara kutoka upande wa Uajemi na Bahari ya Hindi. Mtu wa Tanga akiletewa bakuli hilo bila kuambiwa limetoka wapi, atauliza tu ni nani aliyezidisha sukari.

Kuna jambo la historia ambalo ningependa ulijue, kwa sababu linakuhusu wewe hasa. Pad thai si chakula cha kale. Ilienezwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na katika miaka ya 1940 chini ya Plaek Phibunsongkhram, kiongozi aliyelibadilisha jina la nchi kutoka Siam kuwa Thailand mwaka 1939 na kutaka taifa liwe na chakula chake, ingawa ufundi wenyewe wa kukaanga tambi ulikuja na Wachina. Nchini Marekani, Wathai walianza kufika kwa wingi baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, na miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wengi, hasa Los Angeles, ambao baadhi yao walifungua migahawa baada ya kuchoka kukikosa chakula cha nyumbani. Baadaye, mwaka 2002, serikali ya Thailand ilianzisha mpango wa kuhimiza raia wake kufungua migahawa nchi za nje, ikiwasaidia kwa mafunzo ya upishi na mikopo, kwa nia ya kuifanya nchi yao ijulikane kuwa jiko la dunia. Ndiyo maana unaikuta migahawa hiyo karibu na kila chuo kikubwa, japokuwa Wathai wenyewe huko Marekani ni wachache. Nasikitika kila nikilifikiria jambo hili, kwa sababu sisi watu wa pwani tuna pilau, samaki wa kupaka na wali wa nazi usioshindwa na chochote, na hatujapata kuwa na serikali iliyouona mpishi kuwa balozi.

Sasa yahusuyo ulaji wenyewe. Umeniambia ulipewa vijiti ukahangaika navyo mbele za watu. Wathai hutumia vijiti zaidi kwa tambi za mchuzi. Wali huliwa kwa kijiko katika mkono wa kulia na uma katika mkono wa kushoto, na uma kazi yake ni kusukuma chakula kiingie kijikoni. Omba kijiko bila kuona aibu. Wakikuletea wali wa kunata, ule wa kaskazini mwa nchi yao, unaruhusiwa kula kwa mkono wa kulia, ukifinyanga tonge dogo na kuchovya, na hapo najua hutahitaji mwalimu. Vile vikopo vinne vya mezani, vyenye sukari, pilipili kavu, siki yenye pilipili na yale maji ya dagaa, vimewekwa ili kila mtu amalizie ladha yake mwenyewe, kwa hiyo kuongeza kitu hakumvunjii mpishi heshima. Wanapokuuliza unataka nyota ngapi za pilipili, kama ilivyo desturi ya huko Seattle, sema mbili. Nyota za mgahawa mmoja si za mgahawa mwingine, na tumbo lako nalifahamu tangu udogo.

Kuhusu halali, usichoke kuuliza. Agiza kamba, samaki, tofu au mboga, na umwombe mpishi kwa adabu asitumie karai lililotoka kupikiwa nguruwe bila kuoshwa. Ukifanya hivyo wakati wateja si wengi, atakusikiliza. Supu uliza imechemshwa kwa mifupa ya nini. Nyama ya kuku na ya ng'ombe iache hadi ujue inanunuliwa wapi, maana mchuzi ule ule wa massaman wanaweza kukutilia tofu na usipungukiwe kitu.

Bakshishi itoe. Najua umesoma kwamba katika jimbo la Washington mhudumu hulipwa kima kamili cha mshahara, tofauti na majimbo ambako mwajiri anaruhusiwa kumlipa dola 2.13 tu kwa saa na kumwachia mteja amalizie, na kwamba rafiki zako wanasema basi hakuna haja ya kuongeza. Hoja yao ina mantiki, lakini wewe ni mtoto wa mtu anayesimama jikoni tangu alfajiri. Kama huna ya bakshishi siku hiyo, pika wali chumbani na uende wiki inayofuata.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo umelipita haraka, nami nimelirudia kulisoma kuliko mengine yote. Umesema kwamba huketi mwisho wa kaunta, peke yako, na kwamba mara nyingine yule mama ndiye mtu wa kwanza kuzungumza nawe siku nzima. Mwanangu, hilo ndilo lililonikosesha usingizi, wala si dola 17. Wathai kwao wanapokula pamoja, hawali kila mtu na kitoweo chake. Wali huwekwa mbele ya kila mmoja na vitoweo vikawekwa katikati, watu wakachota pamoja, karibu sawa na sisi tunavyolizunguka sinia. Ile desturi ya sahani moja kwa mtu mmoja imezoeleka huko kwa ajili ya watu wenye haraka. Waambie wale wenzako wawili wa maabara, yule wa Nepal na yule wa Yakima, mji wa jimbo hilohilo la Washington, muende pamoja siku ya Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho. Agizeni mchuzi mmoja wa kijani, sahani moja ya tambi na mboga, mgawane bili. Mtashiba wote, na gharama ya kila mmoja haitazidi sana ile unayolipa sasa. Usingoje wao wakualike, kwa maana kila mmoja wao anangoja kama unavyongoja wewe. Lifanye jambo hili kabla ya Desemba, kwa sababu nimeangalia saa za jua za huko na nimeona kwamba mwezi huo linazama kabla ya saa kumi na nusu alasiri, na sitaki giza la namna hiyo likukute ukiwa huna watu wa kula nao.

Kinachobaki mezani kifungashe, kitie jokofuni mara ufikapo, na wali usiuache juu ya meza usiku kucha.

Mwisho nakuja kwenye lile uliloliandika chini kabisa ya barua, kwamba mwenye mgahawa amekuambia unaweza kuosha vyombo usiku wa Jumamosi, akupe chakula na fedha kidogo mkononi. Amekusudia wema, nami namshukuru kwa kumwonea huruma mtoto wa mwenzake. Lakini jibu ni hapana, na umpe jibu hilo wiki hii. Viza yako ya F-1, yaani ya mwanafunzi, inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje bila kibali inaweza kukuondolea haki ya kuendelea kukaa nchini humo, na haijalishi kama malipo yake ni fedha au ni sahani ya chakula. Usiamini anayekuambia kwamba hakuna anayechunguza. Mweleze mwenye mgahawa kwa heshima kwamba sheria ya viza yako hairuhusu, naye ataelewa, kwani huenda na yeye alifika huko kwa karatasi kama hizo. Kisha nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa uulize kuhusu nafasi katika mabwalo ya chakula ya chuo au maktaba, na unijulishe wamekuambia nini.

Na ukipata wasaa, mwulize yule mama kama tambi huzilowesha kwa maji ya moto au ya baridi, na kwa muda gani. Nilizopata mjini hapa zinakatika.

Baba yako, bibi yako na shangazi zako wote wanakusalimu.

Mimi mama yako