Malalamiko kuhusu ngalawa yangu iliyofanywa kuni

Wete, Pemba

Kwa Meneja,
Kampuni ya safari za mitumbwi,
Pemba.

Mheshimiwa Meneja,

Assalaam alaykum.

YAH: KUVUNJWA NA KUCHOMWA MOTO MRENGU (MTI UNAOKATIZA CHOMBO) WA NGALAWA YANGU, NA MATUMIZI MABAYA YA MITUMBWI MLIYOIKODI KWANGU

Nimeupata ujumbe wa ofisi yenu unaosema kwamba yaliyotokea ni "uchakavu wa kawaida", na kwamba mmeniingizia shilingi 50,000 kwenye simu "kwa nia njema". Pesa nimezirudisha, aliyezituma ataziona. Sasa nakuombeni kwa heshima zote mnifahamishe: ni uchakavu gani huo unaotiwa baina ya mafiga ukapulizwa mpaka ukawaka?

Masharti ya kukodi vyombo mmeyaandika nyinyi wenyewe, mkaniletea nyumbani nikatia sahihi. Sina haja ya kukusomeeni. Kifungu cha kutunza chombo mnakijua, na kile cha kulipa mnakijua zaidi, maana ndicho mnachokiruka.

Jambo lenyewe ni hili. Safari ilikuwa irudi Wete Jumatatu na maji yanayojaa. Maji yakajaa, yakaanza kupwa tena, hakuna chombo. Simu ya mtembeza wageni wenu haipatikani. Nikamwomba kaka yangu anichukue kwa mashua yake ya mashine, tukatoka kwenye hori, mkono wa bahari unaoingia Wete, kuelekea upande wa kisiwa cha Fundo. Tukawakuta kwenye kijisiwa. Ngalawa imelala ubavu juu ya mwamba, jua la kaskazi la saa saba mchana linaipiga tumboni, haikufunikwa hata kwa kuti moja. Mrengu wa mbele haupo. Mimi nikadhani umechukuliwa na maji, nikawa nautafuta kwa macho huko mkondoni. Kumbe upo motoni. Ncha moja imo ndani ya mafiga inawaka, ncha ya pili imetokeza nje, na zile kamba za usumba alizozikaza marehemu baba yangu kwa mikono yake bado zimeuzunguka mti, zinafuka moshi. Juu yake pana wavu wa chuma, changu wawili na pweza. Kijana wenu akanikaribisha: "Bi Mkubwa, karibu samaki." Nilipomuuliza anachoma nini, akasema, "Ah, si mti tu huo, ulishavunjika."

Nimeandika hayo kwa utulivu niwezavyo. Lakini si hayo peke yake.

Kabla ya hapo, na ofisi yenu inayo taarifa maana nilikuja mwenyewe nikakaa kwenye kiti cha mapokezi asubuhi nzima, mtumbwi wangu mdogo ulifungwa kwenye mkoko wakati maji yamejaa pomoni, kwa kamba fupi, wageni wakaenda msitu wa Ngezi kutazama popo. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa. Mtu aliyezaliwa pwani anajua kwamba maji ya bamvua kwetu hushuka karibu mita 4. Yaliposhuka, mtumbwi ukabaki unaning'inia kwa omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, imechomeka kwenye tope, mpaka kishikizo cha kamba kikang'oka na kipande cha mbao. Makafi yakaenda na maji. Mizizi ya ule mkoko nayo ikavunjika, na huo mkoko si wangu wala si wenu. Mlinijibu kwamba mtembeza alikuwa mgeni kazini. Sawa, nikanyamaza. Sasa naona huyo aliyekuwa mgeni kazini mmempandisha cheo, ndiye kiongozi wa safari hii ya juzi.

Na huo ufa wa mtumbwi mkubwa je? Ulirudi na ufa, nikasema ni bahati mbaya, chombo ni chombo. Kumbe wenzenu walishauziba huko huko safarini kwa misumari ya bati. Misumari ya bati! Msumari wa paa ukiingia kwenye mwembe uliokauka unaupasua zaidi, na ukikutana na maji ya chumvi unashika kutu na kuuoza mti pembeni yake. Ufa wa mtumbwi unakalafatiwa, yaani unazibwa, kwa pamba na mafuta, na fundi wa kazi hiyo yupo hapa hapa Wete, si ghali. Mngenipigia simu tu. Tangu siku hiyo mtumbwi ule unaingiza maji, mtu mmoja anapiga kafi na mwengine kazi yake kufua maji kutwa nzima.

Najua tatizo linatoka wapi, na nakwambieni bila ya kinyongo. Vijana wenu wamejifunzia kayaki za plastiki za hotelini. Kayaki ukiiburuza juu ya mwamba inapata mikwaruzo, jioni unaiosha, basi. Mtumbwi wa mwembe ukiuburuza juu ya chaza unaunyoa. Kila safari unapungua, mpaka siku moja unaweka mguu ndani na mguu unatokea upande wa pili. Chombo cha mti kinanyanyuliwa, kinapitishwa juu ya magogo, kikifika juu kinawekwa kivulini au kinafunikwa makuti, kwa sababu jua linakikausha na kukiatua. Hayo hata mtoto wa skuli wa Tumbe atakwambieni. Kwenu nyinyi nimeona wageni wamesimamishwa ukingoni mwa mtumbwi wapigwe picha. Nimeona kafi langu linatumiwa kama pondo kusukumia mwamba, na jengine linapigiliwa vigingi vya mahema. Kafi! Nimeona masanduku ya barafu na viti vya kukunja vimepakiwa mpaka maji yamebakisha vidole viwili kuingia ndani. Wageni wanaahidiwa safari ya asili, ya mtumbwi wa kuchonga, kimya kimya baina ya mikoko, halafu chombo chenyewe kinachofanya safari iwe ya asili ndicho kinachofanyiwa kama gunia la mkaa.

Narudi kwenye siku ile, kwa sababu ujumbe wenu umeandika kwamba mrengu "uliharibika katika matumizi". Hapana. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa ndani ya safari, ndiye mpiga kafi wenu wa nyuma, na yeye kaona kila kitu. Maji yalikupwa wakapwelewa. Wangesubiri. Au wangeshusha mizigo kwanza, wakakamata tezi na omo, wakaisogeza pole pole. Kijana wenu akasema wageni wana ndege Chake Chake. Wakaikamata ngalawa kwa mrengu wenyewe, watu wanne upande mmoja, masanduku yote yamo ndani, moja mbili tatu, vuta. Mrengu ni ule mti uliokatiza tumbo la ngalawa ukashika matengo ya pande mbili, zile mbao za kuelea. Kazi yake ni kuifanya ngalawa isipinduke baharini. Hautengenezwi uwe mpini. Mtoto akawaambia, "Jamani, msivutie hapo." Akajibiwa akae kimya, kazi yake kupiga kafi. Ukalia mara moja ukakatika, na ngalawa kwa uzito wote ule ikaanguka ubavu juu ya mwamba. Hapo ndipo ulipotokea ule ufa mwengine ambao ujumbe wenu haukuutaja hata kidogo, unaanzia tezi unakuja mpaka katikati.

Ndege waliikosa vile vile. Basi wakaamua kula. Na kile kijisiwa, Mheshimiwa, mimi nimekanyaga kila pembe yake, kina makuti makavu na vigogo vilivyotupwa na maji vya kupikia harusi. Hawakutaka kwenda kuokota. Wakauchukua mrengu, wakaukata kwa panga usiwe mrefu, wakautia motoni. Baba yangu aliuchagua mti ule, akauchonga kwa tezo, akauacha ukauke kivulini uvunguni mwa dari ya makuti kabla hajaufunga. Mimi nikasimama pale mchangani nautazama unawaka upande huku upande wa pili kamba za usumba zinakunjana kwa moto, na kijana wenu anageuza pweza kwa kijiti. Akasema lile neno lake la mti tu. Halafu akawatafsiria wageni kwa Kiingereza, sijui aliwaambia nini, baadhi yao wakacheka. Mama mmoja wa makamo peke yake hakucheka. Aliinuka, akauvuta mrengu motoni kwa mikono yake, akaumwagia maji ya kunywa. Mgeni! Ndiye aliyefahamu kwamba pale kimeharibiwa kitu cha mtu. Wageni sina ugomvi nao. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilikodisha vyombo vyangu kwa nia hiyo.

Kipande kilichobaki ninacho. Kimefungwa kwenye kanga, kimewekwa. Picha ninazo pia, za ngalawa ubavuni na za moto, kaka yangu kapiga kwa simu.

Nilipokuja ofisini mwanzo nilikusudia kuomba mambo madogo tu: mrengu mpya, ujira wa fundi, kalafati ya mtumbwi mkubwa, na makafi yaliyopotea. Mngenipa siku ile ile ningeshukuru na tungeendelea. Mkanichelewesha, mkaniletea kijana wa pikipiki na bahasha ya fomu, mkaniambia uchakavu. Basi sasa naomba zaidi. Fundi kaikagua ngalawa, kasema ufa ule hata ukikalafatiwa hautakuwa wa kuaminika nje ya mwamba, na chombo kisichoaminika nje ya mwamba mimi simpakii mtoto wa mtu. Kwa hiyo nataka ngalawa nyengine, ya kuchongwa, ya urefu ule ule. Mnajua kwamba miembe mikubwa ya kuchongea imekuwa adimu Pemba, na bei yake mtaijua mtakapoitafuta. Nataka na malipo ya siku zote ambazo kaka yangu hakwenda kuvua kwa ngalawa ile, maana siku ambazo nyinyi hamna wageni ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba mbili. Na nataka kijana wenu aje kuomba radhi mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu, kwa Kiswahili, si kwa ujumbe wa simu.

Na nikizidi kuandika nazidi kuona kwamba nilikuwa mpole. Mitumbwi yangu mingine yote mliyonayo irudishwe. Yote. Irudishwe kwa maji, si kwa gari, na isiburuzwe. Mkataba kwangu umekwisha.

Nakupeni muda mpaka maji ya bamvua yajayo. Yakipita bila ya jawabu, nitakwenda Kamisheni ya Utalii iliyokupeni leseni, na kwenye Mamlaka ya Usafiri Baharini, kuuliza ni nani aliyeruhusu chombo kupakiwa vidole viwili kutoka ukingoni na watu ndani hawana hata fulana za kuelea. Nitakwenda na kwa watu wa PECCA, hifadhi ya bahari ya mkondo wa Pemba, kwa sababu upande wote ule wa bahari umo ndani ya hifadhi, nao watataka kuona kibali cha kupiga kambi na kuwasha moto pale. Kama mnacho, mtawaonesha. Na Mahkama ipo Wete, sihitaji hata nauli.

Lakini hilo la ofisi huenda mkalizoea, ofisi na ofisi hujuana. Liko jengine. Wenye vyombo wa hori hii, wa Fundo, wa Njao mpaka Tumbe, tunafahamiana kwa majina, na wengi tumeoleana. Nimeshaanza kuzungumza nao. Wawili ambao mnakodi kwao wamekuja nyumbani kwangu kukiangalia kile kipande kilichoungua, wakakigeuza geuza, wakaondoka bila kusema neno. Msimu wa wageni wa kusi utakapofika, mtatafuta mtumbwi wa kuchonga wa kukodi pwani hii, na mtajibiwa kwa adabu zote kwamba haupo.

Jawabu iandikwe, itiwe sahihi na wewe Meneja mwenyewe, na iletwe nyumbani kwangu mkononi. Yule kijana wa pikipiki asitumwe tena.

Wako,

Mwenye ngalawa

Nakala: Sheha wa Shehia