Popo wa chini ya mwembe

Bwana Mhariri,

Maembe yakiiva hapa Lubumbashi, popo hawakosi miembeni, na watoto wa Katuba na Ruashi hawakosi manati. Popo arukaye hana shida na mtu. Hatari iko kwa yule aliyevunjika bawa, anayeokotwa kwa mkono mtupu: huyo huuma, na jino lake ni kama ncha ya sindano. Damu haitoki. Mama anatazama kidole, haoni kitu, basi.

Ninachohofia ni kichaa cha mbwa na ndugu zake. Tusitishane bure: Afrika, karibu kila anayekufa kwa kichaa cha mbwa ameumwa na mbwa. Lakini popo wetu wana virusi vya ukoo huohuo. Kirusi kiitwacho Duvenhage kiliua mtu Afrika Kusini mwaka 1970, na mwaka 2007 kikamuua mtalii wa Uholanzi aliyeparuzwa na popo nchini Kenya, ambaye hakupewa chanjo. Kingine, kirusi cha Lagos, kilichopatikana kwa popo wa matunda huko Nijeria mwaka 1956, chanjo iliyopo haikizuii vizuri. Ndiyo maana kuosha kidonda kwa sabuni si jambo dogo.

Osheni kidonda palepale, dakika 15 kwa saa, si kwa kukisia. Bomba likikauka (na tunalijua), mmoja amimine maji ya bidoni kwa kopo, mwenzake apake sabuni. Beseni halifai, maji machafu yanarudi kidondani. Kisha iodini. Msipake majivu, msikubali kishonwe haraka.

Siku hiyohiyo nendeni kituo cha afya. Chanjo ni siku ya 0 (ile ya sindano ya kwanza), 3, 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na 28. Vituo vingine vinachoma sindano ndani ya ngozi kwa ratiba fupi zaidi. Ulizeni pia serumu, yaani kinga iliyo tayari, inayochomwa ndani na kando ya kidonda mara moja tu. Siku 7 baada ya chanjo ya kwanza zikipita, serumu haitolewi tena. Wengi huacha sindano ya tatu kwa sababu kidole kimepona. Kidole si kipimo! Dalili huchelewa miezi miwili au mitatu kwa kawaida, na zikishaanza hakuna dawa.

Kumchunga mnyama siku 10 kuona kama ataugua ni kwa mbwa na paka, si kwa popo. Paka aliyemleta popo mdomoni arudishiwe chanjo. Popo mwenyewe afunikwe kwa ndoo, na akiuawa kichwa kisipondwe: maabara hupima ubongo.

Popo akiingia chumbani usiku, zimeni taa, fungueni dirisha. Mtoto mchanga akikutwa amelala humo, mhesabuni kama aliyeumwa.

Daktari wa mifugo,
Lubumbashi