Kinga ya mgongo haizuii mgongo kukunjika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie hoja inayorudi mara kwa mara kila yanapozungumzwa mambo ya usalama barabarani hapa Dodoma, kwamba madereva wa bodaboda walazimishwe kuvaa kinga ya mgongo, yaani lile gamba la plastiki ngumu au sponji nzito linalovaliwa chini ya koti au kuingizwa ndani ya mfuko wake wa mgongoni, kama wanavyolazimishwa kuvaa kofia ngumu. Niliendesha bodaboda kwa miaka tisa katika kijiwe kimoja cha Nkuhungu, na leo nina pikipiki mbili zinazoendeshwa na vijana kwa mkataba. Jambo hili linanigusa kama mtu ambaye angepaswa kuzinunua kinga hizo, na linanigusa zaidi kama ndugu wa mtu aliyevunjika mgongo.

Mdogo wangu alianguka mwezi Agosti, mwaka juzi, katika barabara ya Iringa, akitokea Mpunguzi na ndoo mbili za zabibu nyuma ya pikipiki. Mbuzi walikatisha barabara ghafla, akafunga breki, pikipiki ikamrusha chini ya tuta, akatua kwa makalio huku kifua kikikunjwa kuelekea magotini, kisha akalalia upande wa kushoto. Alikuwa amevaa koti zito la mtumba la waendesha pikipiki, lenye kipande cha sponji mgongoni, alilolinunua Sabasaba na kulipenda kwa sababu alfajiri za kipupwe hapa kwetu upepo hupenya hadi kwenye mifupa. Nilipokabidhiwa koti lile hospitali nililigeuza kila upande. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimetoboka na bega la upande huo limechubuka, lakini mgongoni lilikuwa safi kama lilivyotoka nyumbani, na ngozi ya mgongo wake nayo haikuwa na mchubuko wowote. Pamoja na hayo, picha ilionyesha kwamba pingili ya kwanza ya kiuno, pale chini kidogo ya mbavu zinapoishia, ilikuwa imepondeka.

Nilimuuliza daktari inawezekanaje mfupa wa mgongo uvunjike na mgongo wenyewe haukugongwa na kitu. Alichukua boksi tupu la glavu lililokuwa mezani, akalisimamisha, akalikandamiza kwa juu huku akilikunja mbele, hadi upande wa mbele ukabonyea na upande wa nyuma ukabaki umenyooka. Ndivyo pingili inavyopondeka, akaniambia, na sehemu kubwa ya majeraha ya uti wa mgongo kwa waendesha pikipiki hutokana na kukunjwa, kupindwa au kukandamizwa kwa namna hiyo, wala si kwa kupigwa moja kwa moja mgongoni. Tangu siku hiyo nimeona kwamba wengi tunaozungumzia kinga ya mgongo, mimi nikiwamo hapo zamani, tulikuwa tukidhani inafanya kazi ambayo haikutengenezewa.

Kazi iliyotengenezewa ni kupunguza nguvu ya pigo. Kipimo cha Ulaya kinachotumika kwa vifaa hivi huitwa EN 1621-2, na jinsi kinavyofanyika ni rahisi kuielewa: chuma cha kilo 5 huangushwa juu ya kinga kutoka kimo cha takriban mita 1, kisha hupimwa nguvu inayopenya hadi upande wa pili. Kinga ya daraja la 1 inaruhusiwa kupitisha wastani wa kilonyutoni 18, ambayo kwa kipande kifupi cha sekunde ni kama kubebeshwa uzito wa kilo 1,800, na ya daraja la 2 isizidi nusu ya hapo, yaani kilonyutoni 9. Hakuna mahali popote katika kipimo hicho ambapo mtu hukunjwa, hupindwa wala kudondoshwa kwa makalio. Shingo, yenye pingili zake 7, kinga hiyo haiifikii kabisa.

Sisemi hivyo ili kuidharau. Katika kijiwe chetu yupo dereva aliyeletewa kinga halisi na shemeji yake aliyeko nje ya nchi, akawa anaivaa kila siku kwa kumheshimu aliyemletea, na siku alipoteleza kwenye mchanga na kwenda kugonga mgongo kwenye ukingo wa zege wa daraja dogo, gamba lilipata ufa na yeye alipata uvimbe uliomlaza kitandani siku tatu. Bila kinga ile huenda angevunjika mbavu, au jambo baya zaidi. Jiwe, ukingo wa lami, nguzo, rejeta ya gari lililo nyuma yako: dhidi ya vitu hivyo kinga ina faida ya kweli, na anayesafiri kila siku kwenda Bahi, Kongwa au Mtera kwa mwendo wa barabara kuu namshauri ainunue na aivae.

Ila anunue kitu chenyewe. Makoti mengi ya pikipiki yanayofika kwenye mitumba huwa na kipande cha sponji ya kawaida mgongoni, ambacho kiwanda kilikiweka kushika nafasi tu ili mnunuzi aje anunue kinga kamili baadaye, na ukikibonyeza kwa vidole viwili vinakutana. Cha mdogo wangu kilikuwa hicho. Kinga iliyopimwa huwa imechapwa alama juu yake yenyewe, si kwenye koti: mchoro wa mtu juu ya pikipiki, namba EN 1621-2, tarakimu 1 au 2 ya daraja, na herufi zinazoeleza ukubwa wa eneo linalokingwa, FB ikiwa ni mgongo mzima, CB ikiwa ni sehemu ya kati, LB ikiwa ni kiuno. Asiyeziona alama hizo anunue koti kwa ajili ya baridi, na ajue kwamba amenunua koti la baridi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka sheria. Ubelgiji tangu 2011 inawataka waendesha pikipiki wavae glavu, koti la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, na Ufaransa ikalazimisha glavu mwezi Novemba 2016, lakini nchi hizo zenye maduka yaliyojaa kinga za kila daraja hazikulazimisha kinga ya mgongo barabarani. Sisi tukilazimisha leo, kijana anayepeleka hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku na kubakiwa na pesa ya chakula atatafuta sponji yoyote inayoweza kumpitisha kwa askari, na jua la Oktoba litakapowaka ataivua na kuiweka kwenye tanki. Tutakuwa tumepata sababu mpya ya kutozana faini huku migongo ikibaki ilivyo.

Kofia ngumu, ambayo sheria tunayo miaka mingi, bado hatujaivaa ipasavyo. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi umeonyesha kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na mimi sijui kifaa kingine cha kuvaa chenye ushahidi wa namna hiyo. Hata hivyo simama asubuhi moja karibu na soko la Majengo uhesabu kofia zilizotundikwa kwenye saiti mira, zilizovaliwa bila kufunga mkanda wa kidevuni, na abiria wasio nazo kabisa. Abiria wa kike wengi hukataa kwa sababu wanaogopa jasho na fangasi za vichwa vya watu wengine, na hofu hiyo ni ya haki, kwa hiyo tuwape kitambaa safi cha kuvaa ndani badala ya kuwacheka. Mgongo wa abiria, nikiruhusiwa kulisema hili hapa, ndio unaotazamana na gari linalokuja nyuma, na katika mjadala wote wa kinga sijasikia mtu akiutaja.

Nirudi Mpunguzi, kwa sababu kuna jambo ambalo lingegharimu kidogo kuliko kinga yoyote. Mdogo wangu anakumbuka kwamba alipokuwa amelala pale chini alizihisi nyayo zake zikiungua na alichezesha vidole ndani ya viatu. Watu wema wawili walisimama, mmoja akamshika kwapani, mwingine chini ya magoti, wakamwinua akiwa amekunjika vilevile alivyoangukia, wakamketisha katikati ya ndoo ndani ya kirikuu, na katika matuta ya barabara akaanza kusikia miguu ikifa ganzi. Siwezi kusema kwamba kubebwa kule ndiko kulikomlemaza, kwa sababu pingili ilikuwa imekwisha kupondeka, na daktari naye hakulisema hilo. Alichosema ni kwamba mtu anayeshukiwa kuumia mgongo aachwe alale alivyo hadi wapatikane watu wanne au watano wa kumwinua kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, alazwe juu ya ubao au mlango, na kofia asivuliwe maadamu anapumua vizuri. Ubao haukosekani hata Mpunguzi. Watu watano hujaa penye ajali kabla injini haijapoa.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Shirika la Viwango liwasaidie wanunuzi kutambua kinga halisi kabla soko halijajaa bandia, na serikali ifikirie kuzipunguzia kodi ili bei yake imfikie dereva. Mafunzo ya leseni yawe na saa moja ya kumwinua majeruhi kwa vitendo, mtu akilala chini na wenzake wakimbeba, na vijiwe vyetu vifundishwe hivyohivyo, kwa kuwa mara nyingi bodaboda ndio wa kwanza kufika. Wamiliki wenzangu tuwape vijana wetu kofia mbili kwa kila pikipiki, na mkanda uwe unafunga. Mimi nimefanya hivyo, na kijana wangu anayekwenda Bahi nimemnunulia kinga ya daraja la 2 bila kumkata kwenye hesabu.

Mdogo wangu anatembea kwa magongo na anauza vifaa vya simu mbele ya nyumba yetu. Nilimsomea barua hii kabla ya kuituma, akaniomba niongeze kwamba wale watu wawili wa Mpunguzi yeye hawadai chochote, kwamba waliacha safari yao na kumshikia kichwa njia nzima hadi mjini, na kwamba angependa, kama wanasoma gazeti hili, wapite kwetu Nkuhungu wamsalimie.

Mmiliki wa bodaboda,
Nkuhungu, Dodoma