Ningu hawafanyi sarakasi

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili zaidi ya miaka thelathini bila kuwaandikia hata mstari. Mlipokosea jina la shule niliyofundisha, nilinyamaza. Lakini ile habari yenu ya samaki "wanaocheza sarakasi" kwenye kizuizi cha maji, ule ukuta uliokatiza mto huku kwetu Nzoia, magharibi mwa Kenya, pamoja na picha ya kijana anayecheka huku karai lake limefurika, imenishinda kumeza.

Kwanza mliwaita tilapia. Ngege, yaani huyo tilapia wa kwetu, atafuta nini kwenye maporomoko? Mayai yake anayalea mdomoni, huko huko ziwani. Waliokuwa wakiruka ni ningu, labda na fwani wachache, samaki wa Ziwa Victoria wanaopanda mito, na mtoto yeyote wa ukingoni angewaambia. Ningu hushinda ziwani. Masika yakianza na mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa, hupanda kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Wale mliowasifu kwamba "wamenona ajabu" walikuwa na mayai, Mhariri. Mpiga picha wenu alisimama mlangoni pa leba akauliza wajawazito wanacheza ngoma gani.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, nilikwenda pale kizuizini alfajiri na mjukuu wangu. Tulikuta vijana kama ishirini wana magunia, vyandarua na makarai. Samaki wanaruka, wanagonga zege kwa kichwa, wanaanguka kwenye sakafu ya saruji ambako maji hayafiki kifundo cha mguu, na hapo wanaokotwa kama maembe. Roho iliniuma. Nikatoa shilingi mia tano, nikanunua karai zima, nikalibeba kwa mabega haya ya mstaafu hadi juu ya kizuizi, nikawamwaga majini. Mjukuu akapiga makofi. Hatukuwa tumemaliza hata kunawa, vijana wawili walewale wakawa wamezunguka kwa juu na chandarua. Baada ya nusu saa wakaniletea karai jingine, bei ileile. Ndani yake mlikuwa na mmoja mwenye mkia uliochanika ambaye nilikuwa nimemwachia kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimnunua tena. Ndiyo, Mhariri, nimeuziwa samaki mmoja mara mbili asubuhi moja, na kijiji kizima mpaka leo wananiita Mwalimu wa Ningu.

Siwalaumu vijana sana, kwani mwenye njaa hahubiriwi. Hasira yangu ni kwa waliojenga ukuta ule. Samaki haruki kwa miujiza! Anahitaji kidimbwi chenye kina chini ya maporomoko, apate mahali pa kukimbilia kabla hajajirusha. Ukimwekea sakafu bapa ya saruji na ukuta uliosimama wima, umemwambia arudi alikotoka. Na si wote wanaoruka. Kusini, kwenye mito ya upande wa Zambezi, yuko ndugu yake ningu anayepanda mwamba wenye unyevu kwa kujishikiza na mdomo na mapezi mapana ya kifuani, ilimradi mwamba uwe na mikwaruzo na maji ya kuteleza juu yake. Wamarekani walipomaliza bwawa la Bonneville kwenye mto Columbia mwaka 1938, waliweka ngazi za samaki tangu mwanzo. 1938! Sisi babu zetu walikuwa bado wanatega kwa nyua za matete. Nilipomuuliza mhandisi wetu kwa nini hakuna hata kijingazi, alifungua mchoro, akautazama, akaniambia samaki hawamo. Kweli hawakuwamo. Nilipouliza wako wapi, akaniambia niandike barua. Niliandika tatu. Barua na ningu, wote wamekwama chini ya ukuta.

Msinijibu kwamba ni jambo jipya. Mwaka 1965 tayari ilikuwa imechapishwa kwamba uvuvi wa ningu katika Nzoia umeporomoka, na nyavu zinazotegwa midomoni mwa mito zikatajwa. Omena, wale dagaa wa ziwani, wana likizo yao ya kisheria ya kutovuliwa, Aprili hadi Julai. Ningu wao hata cheti cha ugonjwa hawana. Halafu ukienda sokoni, kilomita chache kutoka ziwa kubwa kuliko yote Afrika, mama anakutolea kwenye katoni samaki aliyegandishwa kutoka Uchina, mgumu kama tofali, na anakuapia ni wa leo. Wa leo kwa kalenda ya nani? Na nauli ya kwenda kumnunua imepanda tena, lakini hilo nitaliandikia barua yake.

Dawa yangu ni hii. Sitaki warsha wala fulana zenye nembo. Upande wa kushoto wa kizuizi, pale mti wa mkuyu ulipokatwa, yapangwe mawe makavu yasiyochongwa, kwa vidaraja, kimoja kisizidi shubiri mbili, na kila kidaraja kiwe na kidimbwi cha kufika gotini. Lori sita zinatosha, nimepima kwa kamba. Na mwandishi wenu aje wakati huo na kamera yake, atabeba mawe.

Mawe yako shambani kwangu, karibu na barabara, bure. Mwenye lori aje kabla Machi haijaisha. Mbwa nitamfunga.

Mwalimu mstaafu,
Nzoia