Walter Tull hahitaji kuitwa "wa kwanza"

Mhariri, habari za kazi,

Nimesoma stori yenu ya Walter Tull, mwanasoka wa Uingereza aliyekufa vitani 1918, na nashukuru mmemkumbuka, maana vijana wengi wanaokesha na Ligi Kuu ya Uingereza hawamjui kabisa, ila kile kichwa cha habari kimenikera. Eti mchezaji wa kwanza mweusi Uingereza na ofisa wa kwanza mweusi jeshini. Sio kweli jamani. Arthur Wharton, kipa mzaliwa wa Accra, alishadaka timu za Preston na Rotherham huko miaka ya 1880, Tull hajazaliwa au bado mtoto mchanga. Na jeshini, George Bemand mzaliwa wa Jamaica alipewa uofisa 1915, wakati Tull kaupata Mei 1917.

Shida yangu ni kwamba mkishaandika "wa kwanza" mnaona kazi imeisha, aliyoyafanya mwenyewe mnayapitia juu juu. Mechi ya Bristol City ya Oktoba 1909 mmeipa mstari mmoja! Huyu alikuwa yatima, baba yake seremala kutoka Barbados, mama Mwingereza wa Kent, wote wamekufa yeye hajafika miaka kumi, kalelewa kituo cha Wamethodisti kule Bethnal Green, London, halafu Tottenham (Spurs) wakamsajili na akaanza vizuri tu, ndio wanaenda Bristol na mashabiki wa kule wanamporomoshea matusi ya rangi mpaka mwandishi aliyekuwepo uwanjani akaona aibu kwa niaba yao, akaandika kwamba Tull ndo alikuwa fowadi bora siku ile. Haikupita muda akashushwa timu ya akiba. Mechi zake zote za ligi Spurs ni 10, magoli 2. Mtu aniambie ilikuwa kiwango, mimi siamini.

1911 akaenda timu ya Northampton kwa kocha Herbert Chapman, yule yule aliyekuja kuijenga Arsenal baadaye, na huko akarudishwa nyuma kucheza kiungo akapiga mechi zaidi ya 100. Hapo mngeweza kukaa kidogo kwa sababu ndo miaka yake mizuri.

Desemba 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia imeanza, kajiunga na batalioni ya wanasoka ya Middlesex, kikosi cha jeshi, 1916 yuko Somme, Ufaransa, kwenye mahandaki. Sheria za jeshi wakati huo zilitaka ofisa awe Mzungu wa damu tupu, imeandikwa kabisa, lakini wakubwa wake wakampeleka kozi ya uofisa Scotland akatoka luteni-usu, cheo cha kwanza cha uofisa. Labda ni kwa sababu maofisa walikuwa wanakufa kila siku, labda walimwona anafaa, nadhani yote mawili.

Kilichonishangaza zaidi kwenye stori yenu ni kwamba mto Piave haumo. Ni kule Italia, baridi kali, usiku, maji yanakwenda kasi, Tull anawavusha watu 26 kwenda upande wa adui na anawarudisha wote, hakuna hata mmoja aliyebaki kule. Jenerali Lawford akamsifu kwa maandishi kwa ushujaa na utulivu. Hiyo ndo ingekuwa kichwa cha habari!

Halafu wakarudishwa Ufaransa, na tarehe 25 Machi 1918 karibu na Favreuil, Wajerumani wanasukuma kwa nguvu zote, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 29. Askari wake mmoja, Tom Billingham, aliyewahi kuwa kipa wa timu ya Leicester Fosse, akajaribu kuuvuta mwili chini ya moto wa bunduki, ikashindikana, na mpaka leo hana kaburi, jina lake liko kwenye ukuta wa kumbukumbu kule Arras, Ufaransa.

Sasa ombi langu mhariri, rekebisheni hicho kichwa, na huyo Wharton naye mumpe ukurasa wake. Mwaka 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10, akaja kufa 1930 akiwa kibarua wa mgodi wa makaa ya mawe, na kaburi lake halikuwa na jiwe mpaka 1997.

Msomaji wenu wa siku zote